Amana ya Pango la Biashara Si Mali ya Mwenye Jengo

Wengi huamini kwamba mkataba wa pango la biashara ukimalizika, amana ya mpangaji hugeuka kuwa fungu la mwenye jengo la kupaka rangi na kukarabati apendavyo. Sivyo. Kwa kawaida amana ni dhamana tu: hukatwa hasara inayothibitika, iliyotokana na mpangaji kukiuka masharti, na kinachobaki hurudishwa. Zulia lililochakaa kwenye njia ya wateja si sawa na zulia lililounguzwa, na hata hilo la pili, kama lilikuwa limebakiza muda mfupi wa kutumika, ni vigumu kulidai kwa bei ya zulia jipya. Huko Uingereza, kifungu cha 18 cha sheria ya wapangaji ya mwaka 1927 kinazuia fidia ya ukarabati kuzidi kiasi ambacho thamani ya jengo imepungua.

Wapangaji nao hujidanganya wanapodhani kwamba uchakavu wa kawaida huwaondolea wajibu daima. Mikataba mingi ya biashara humtaka mpangaji arudishe jengo likiwa limekarabatiwa, pamoja na kubomoa kuta za mbao alizojiongezea. Na gharama zikizidi amana, anaweza kudaiwa ziada.