Miaka mitano ya CRB huanza kuhesabiwa siku gani?

Wiki iliyopita mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba aliketi mbele ya meza yangu, mkononi ripoti yake ya CRB, yaani kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Mwaka 2019 alikopa benki Sh1,850 kwa simu. Laini ikapotea, akabadilisha namba, deni likasahaulika. "Si miaka mitano imeshapita?" akaniuliza. "Mbona bado niko humu?" Nikamwonyesha mahali pa kuandikwa tarehe ya kumaliza deni. Palikuwa patupu.

Hapa Kenya, taarifa ya mkopo ulioshindwa kulipwa hukaa kwenye ripoti yako miaka 5, na miaka hiyo huhesabiwa tangu siku ulipomaliza kulipa. Si siku uliyokopa, wala siku uliyoanza kuchelewa. Aliyemaliza deni Juni 2021 anatoka Juni 2026. Ambaye hajalipa, hesabu yake haijaanza, hata akingoja miaka kumi.

Naamini wengi wamepotoshwa na habari za nje. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1970, deni kama hilo hufutika kwenye ripoti baada ya miaka 7 hivi tangu mtu aanze kuchelewa. Uingereza ni miaka 6 tangu mkopeshaji atangaze kwamba umeshindwa kulipa, uwe umelipa baadaye au hujalipa. Kwa hiyo ndugu aliyeko London au Dallas akikwambia "ngoja tu, itajifuta", anasema kweli ya huko aliko.

Hapo ndipo watu hukata tamaa: kama nikilipa leo bado nakaa miaka mitano, nilipe ya nini? Lipa, kwa sababu ripoti hubadilika siku hiyo deni linapoandikwa kuwa limelipwa. Afisa wa mikopo akiona mtu aliyeteleza kisha akamaliza, hamsomi kama anavyomsoma mwenye deni linaloendelea kudaiwa. Miaka mitano ni muda wa kumbukumbu kuhifadhiwa. Hakuna sheria inayomkataza mkopeshaji kukukopesha ndani yake. Na kuwa CRB kwenyewe si aibu. Tangu 2014 hata mikopo inayolipwa vizuri hupelekwa huko, kwa hiyo kila mwenye mkopo wa benki yumo.

Kingine kinachowatisha watu ni kiasi. Hudhani deni dogo limeshavimba kuwa milioni. Sheria ya Benki imeweka kikomo: riba haiwezi kuzidi deni lililokuwepo siku mkopo ulipohesabiwa kuwa haulipwi, na kwa kawaida hiyo ni baada ya siku 90 za kuchelewa. Kama wakati huo ulidaiwa Sh1,850, riba isizidi Sh1,850 nyingine, ingawa gharama za kufuatilia deni zinaweza kuongezwa. Piga hesabu hiyo kabla ya kukubali kiasi chochote utakachotajiwa. Omba pia upunguziwe. Mpango wa Benki Kuu wa kusamehe angalau nusu ya mikopo ya simu ulifungwa Mei 31, 2023, lakini mkopeshaji bado ana hiari yake. Mkikubaliana, yaandikwe.

Ukishalipa, tunza ujumbe wa malipo na udai barua ya kumaliza deni. Baada ya wiki chache chukua ripoti yako. Una haki ya kupata moja bure kila mwaka. Angalia kampuni zote tatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo, maana nimeona deni limerekebishwa kwa moja na kubaki kwa nyingine. Ukikuta deni usilolijua, au lililo chini ya Sh1,000, au hukupewa notisi ya siku 30 kabla ya kuorodheshwa, lalamika kwa maandishi.

Nakusihi, usimpe pesa mtu anayekuahidi mtandaoni kwamba atafuta jina lako leo. CRB hupokea taarifa kutoka kwa mkopeshaji. Deni la kweli hata dalali halifuti. Nimewapokea watu waliolipa ada hiyo mara mbili, na deni lenyewe likiwa dogo kuliko ada.

Yule mama alipiga simu benki akiwa palepale, akatajiwa Sh3,400, akalipa. Ujumbe ulipoingia aliomba kalamu, akaandika tarehe ya siku hiyo pembeni mwa ripoti, na chini yake tarehe ileile, miaka 5 mbele.