Tarika na Shauku ya Mungu: Yanayosemwa na Yalivyo

Neno letu shauku lina asili ya Kiarabu, na masufi, Waislamu wanaoishika njia ya kuusafisha moyo ili kumkaribia Mungu, wamelitumia kwa karne nyingi kutaja hali ya moyo unaomtamani Mola wake. Katika mwambao wetu njia za kuilea shauku hiyo huitwa tarika, zikiwemo Qadiriyya, Shadhiliyya na Alawiyya, na mengi yanayosemwa juu yake hayafai kuachwa yapite hivi hivi.

Dhana iliyoenea mno ni kwamba zikri, yaani kumtaja Mungu kwa kurudiarudia, ni ngoma iliyovishwa kanzu, na kwamba wanaoyumba katika duara wamepandwa na mashetani. Anayesimama karibu husikia jambo jingine. Kiongozi huanza La ilaha illa Llah polepole, kila silabi ikitamkwa kamili, kisha mwendo huongezeka na maneno hupungua mpaka likabaki jina moja la Mwenyezi Mungu, na pengine hata jina lenyewe hugeuka pumzi nzito itokayo kifuani, mabega yakishuka na kupanda kwa pamoja. Katika uganga pepo huitwa na kubembelezwa. Katika zikri anayetajwa ni Mungu. Namna ya kuyumba na kupumua masheikh wenyewe wameibishania, na wana haki ya kuibishania, kwa kuwa inahusu adabu ya ibada.

Husemwa pia kwamba mwenye tarika ameitupa sharia. Imam al-Ghazali, aliyeacha ualimu wake Baghdad mwaka 1095 kwa ajili ya kuitengeneza nafsi yake, alikuwa mwanachuoni wa fiqhi, yaani elimu ya sharia, na baada ya kuishika njia ya kisufi aliandika kwa urefu juu ya udhu, sala na funga. Muridi, mwanafunzi wa tarika, hupewa uradi, yaani dua na zikri maalumu, wa kusoma baada ya sala; asiyesali hana pa kuuweka.

Inayoniuma zaidi ni dhana kwamba ukaribu na Mungu ni mali ya koo za kisharifu, zile zinazohesabiwa kuwa za kizazi cha Mtume. Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, alichukuliwa Manyema, mashariki ya Kongo, akiwa mtoto, akafika Bagamoyo mtumwa. Akasoma dini, akawa khalifa, yaani kiongozi aliyeidhinishwa, wa Qadiriyya, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa sheikh mkubwa katika mji uleule alioingia akiwa mali ya mtu. Waliotoka bara, ambao nasaba zao hazikuhesabiwa mjini, walipata katika silsila ya tarika, yaani mnyororo wa masheikh wake, ukoo wa kiroho unaofika kwa Sheikh Abdul Qadir wa Baghdad, ambaye Qadiriyya imeitwa kwa jina lake, na, kwa imani yao, mpaka kwa Mtume. Kule Lamu, Habib Swaleh, naye sharifu, aliwasomesha watu ambao baadhi ya wakubwa wa mji hawakupenda wasomeshwe, na katika kazi hiyo ukazaliwa Msikiti wa Riyadha.

Wapo, hatimaye, wanaodhani kuwa asiyelia wala kutetemeka hana shauku. Ratibu, yaani mkusanyiko wa dua na zikri, ya Imam al-Haddad wa Tarim, mji wa Hadhramaut huko Yemen, aliyefariki mwaka 1720, husomwa pwani kwa utulivu, watu wameketi. Mzee aliyeisoma hivyo usiku baada ya usiku huenda hajawahi kutoa chozi mbele ya watu, lakini ukimwanzia popote ataendeleza papo hapo, na vidole vyake vitahesabu hata tasbihi ikiwa imesahauliwa nyumbani.