Je, wajua kwa nini karoti haimsaidii chiriku mweupe?

Mpe chiriku wa njano karoti iliyokunwa na majani ya mchicha, na mwili wake utajipatia vitamini A ya kumtosha. Mpe chiriku mweupe wa aina fulani chakula hichohicho, ale ashibe kila siku, na baada ya muda ataanza kudhoofika. Macho na njia ya hewa ndivyo huumia mapema. Huenda wote wawili wametotolewa katika kiota kimoja. Tofauti yao ni jeni moja tu, nayo ndiyo inayomfanya huyu wa pili awe mweupe na agombaniwe na wafugaji.

Huyu ni chiriku wa kufugwa, ambaye asili yake ni visiwa vya Kanari, Madeira na Azores katika bahari ya Atlantiki. Si chiriku wetu wa porini mwenye paji la njano, ingawa ni ndugu na kwa kelele hawazidiani sana. Mababu wa visiwani hawakuwa wa njano wala weupe. Walikuwa na ukijani uliofifia na michirizi ya kahawia, rangi ya kujifichia vichakani. Karibu rangi zote unazoziona leo kwenye vizimba zilianza kama badiliko la jeni lililojitokeza lenyewe. Mfugaji akaliona, akalipenda, akalizalisha. Nyekundu peke yake ndiyo yenye kisa kingine, na tutakifikia.

Unyoya wa chiriku hupakwa rangi mbili. Moja ni melanini, nyeusi au kahawia, ambayo mwili wa ndege huitengeneza wenyewe. Nyingine ni karotenoidi, ile inayoipa karoti na kiini cha yai rangi yake. Hii ndege hawezi kuitengeneza, sharti aile. Ukijani wa mababu ni njano iliyochanganyika na melanini. Ikipotea melanini, anabaki chiriku wa njano. Ikipotea karotenoidi peke yake, anageuka wa kijivu. Zikipotea zote mbili, unapata mweupe.

Kuna weupe wa aina mbili, na mnunuzi asiyejua huuziwa huyu akidhani ni yule. Aina ya zamani hubaki na chembe za njano ukingoni mwa mbawa, na jeni yake ikitoka kwa mzazi mmoja tu, kinda anazaliwa mweupe. Kasoro yake ni kwamba kiinitete kikirithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, hakiishi. Ukioanisha weupe wawili wa aina hii, tarajia robo ya mayai yaliyorutubishwa yasitotoe. Mfugaji mzoefu humwoanisha mweupe na wa njano: nusu ya makinda hutoka weupe, na hakuna yai linalopotea kwa sababu hiyo. Sheria hiyohiyo inawahusu chiriku wenye kishungi kichwani.

Aina ya pili, iliyojulikana mwanzoni mwa karne ya 20, ni nyeupe kabisa, na ndiyo isiyofaidi karoti. Jeni yake hujificha. Ndege anaweza kuwa wa njano safi huku ameibeba, akamrithisha mwanawe, na mwana akamrithisha mjukuu, bila mtu kushuku. Siku wabebaji wawili wanapokutana, kila kinda ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa mweupe. Ndiyo maana rangi adimu hupenda kuchomoza pale ndugu wanapozalishwa na ndugu, kwa kuwa wote wamebeba urithi wa babu mmoja. Na ndiyo maana pia, mfugaji anayetaka kuishika rangi mpya upesi hushawishika kumrudisha kinda kwa mzazi wake. Rangi ataipata, lakini pamoja nayo atazifumua kasoro nyingine zilizokuwa zimelala kwenye damu hiyo.

Mwaka 2017 watafiti walieleza kilichoharibika kwa chiriku huyu mweupe. Ni jeni iitwayo SCARB1, inayotengeneza protini ya kupokea karotenoidi kutoka kwenye utumbo na kuiingiza mwilini. Kwa chiriku mweupe, ni kama meli imetia nanga bandarini na shehena yote ndani, ila makuli wa kuipakua hawapo. Karoti inaliwa, inapita, inatoka. Manyoya hayapati rangi, na hilo ndilo tunalolisifia. Lakini mwili wa ndege huitumia karotenoidi hiyohiyo kutengenezea vitamini A, kwa hiyo njia hiyo nayo imefungwa.

Dawa yake ni kumpa vitamini A iliyokwisha kuwa vitamini A: kiini cha yai, mafuta ya ini la samaki, au virutubisho vya ndege vyenye retinoli. Kwa kipimo, lakini, maana vitamini hii hujilimbikiza kwenye ini na ikizidi inakuwa sumu. Kusema kweli, anayeuza chiriku wa aina hii bila kumweleza mnunuzi habari hiyo anamtendea ubaya ndege kuliko mnunuzi.

Kuna rangi nyingine ambazo jike hawezi kuzificha hata kidogo. Kwa binadamu, mwanamume ndiye mwenye kromosomu za jinsia (nyuzi zinazobeba jeni na kuamua jinsia) zisizofanana. Kwa ndege ni kinyume. Dume ana Z mbili, jike ana Z moja na W. Jeni ya rangi ya kahawia ya chiriku imekaa kwenye Z. Dume anaweza kuibeba kwenye Z moja huku nyingine ikiifunika, ila jike hana Z ya pili ya kufunikia. Oanisha dume wa kahawia na jike wa kijani: makinda wote wa kahawia ni majike, na madume wote ni wa kijani walioibeba kwa siri. Waliotoka kahawia hujulikana mapema, kwa sababu macho yao yana wekundu wanapototolewa. Florence Durham na Dorothea Marryat waliandika juu ya urithi huu wa chiriku mwaka 1908, wakati elimu ya jeni yenyewe bado changa.

Sasa nyekundu. Chiriku wa kufugwa hakuwa nayo katika jeni zake. Katika miaka ya 1920 mwalimu Hans Duncker na mfugaji Karl Reich, wote wa mji wa Bremen, Ujerumani, waliiazima kutoka kwa ndege mwekundu wa Venezuela, ndugu wa mbali wa chiriku. Machotara wa kwanza walikuwa na rangi ya shaba. Majike wao walikuwa tasa, lakini baadhi ya madume walizaa, wakarudishwa kwa chiriku kizazi baada ya kizazi. Duncker alitaka nyekundu iletwe na urithi peke yake, akaishia kwenye rangi ya chungwa. Waliokuja baadaye ndio waliotambua kwamba na chakula kina sehemu yake. Mwaka 2016 jeni yenyewe ilitajwa: CYP2J19, inayogeuza karotenoidi ya njano kuwa nyekundu. Bila malighafi ya kutosha wakati wa kubadilisha manyoya, chiriku mwekundu hufifia, naye atangoja hadi manyoya yabadilike tena. Yule ndege wa Venezuela aliyetoa jeni hiyo aliwindwa na wategaji mpaka leo yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka.

Damu yake ilileta kitu kingine pia, chiriku wa mosaiki, ambaye jike ana rangi hafifu usoni na mabegani huku dume akikolea zaidi. Mwaka 2020 ilibainika kuwa hapo inahusika jeni iitwayo BCO2, ambayo kazi yake ni kuivunja karotenoidi. Majike huitumia kwa wingi zaidi kwenye ngozi inayootesha manyoya, kwa hiyo rangi iliyoliwa na kupokelewa vizuri huvunjwa kabla haijatua kwenye unyoya.