Baiskeli ya mbio ya mtumba: yanayosemwa na ukweli wake

Baiskeli za mbio za chuma za miaka ya 1970 na 1980, akina Peugeot na Raleigh, bado zinapatikana kwa bei ya mtumba, na fremu zake nyingi ni nzima. Kinachoziua mara nyingi si uzee. Ni spana iliyotangulia kabla ya kipimo.

"Siti iwe chini, miguu ifike ardhini"

Siti hupimwa kwa pedeli, si kwa ardhi. Egemea ukuta, kaa, kisha weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinamia upande. Ukihamia kukanyaga kwa sehemu pana ya wayo, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Wapenda hesabu hupima mguu kwa ndani, kutoka msambani hadi sakafuni bila viatu, wakazidisha kwa 0.883. Mguu wa sentimita 80 unatoa 70.6, kutoka katikati ya ekseli ya mikono ya pedeli hadi juu ya siti. Siti ya chini huchosha mapaja na kuumiza goti kwa mbele. Ukisimama, teremka mbele ya siti.

Bomba la siti lina alama ya kikomo. Ikichungulia nje ya fremu, bomba hilo ni fupi kwako. Tafuta refu zaidi.

"Boliti imelegea lakini usukani hausogei, basi umeganda"

Huenda haujaganda. Shingo ya usukani wa zamani hushikwa na kabari iliyo ndani ya bomba, na boliti ikilegea kabari hubaki imebana. Legeza boliti ya juu mizunguko 2 au 3, usiitoe. Weka kipande cha mbao juu ya kichwa chake, gonga kwa nyundo mara moja. Kabari ikishuka, usukani unazunguka wenyewe. Kuupindapinda kwa nguvu huku umelibana gurudumu la mbele kwa magoti ni kutafuta kupinda rimu.

"Tairi ni tairi, mradi inchi zinakaribiana"

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Tairi ya inchi 27 hukaa kwenye rimu ya milimita 630, ya 700C kwenye 622, na ile ya 28 × 1½ ya baiskeli zetu nzito za mizigo kwenye 635. Hakuna inayoazima ya mwenzake. Soma ubavuni: 32-630 maana yake upana ni 32 na kipenyo cha rimu ni 630.

Kubadili magurudumu yote, kutoka 27 kwenda 700C, inawezekana, ila ukingo wa rimu utashuka milimita 4 kutoka kwenye breki. Kabla ya kununua, angalia kama raba za breki zina nafasi ya kushushwa kiasi hicho. Raba ikigusa tairi huikata hadi ipasuke. Ikiwa chini mno huteleza na kuingia kwenye spoku.

"Kila kitu hufunguka kwa kuzungusha kushoto"

Pedeli ya kushoto hufunguka kulia. Kikombe cha beringi cha ekseli ya mikono ya pedeli, upande wa kulia, kwenye fremu za vipimo vya Kiingereza, nacho hufunguka kulia. Kwenye za Kiitaliano hufunguka kushoto. Nyuzi za skrubu zikishaliwa, fremu nzima iko matatani.

"Gia zikiruka zenyewe, cheni imekwisha"

Anza na wenzo wa gia kwenye bomba la chini. Nyingi za kabla ya SIS ya Shimano (1984), mfumo ambao wenzo una kituo kwa kila gia, hazina vituo. Msuguano tu ndio unaoushika wenzo, na skrubu yake ikilegea, springi ya nyuma huuvuta. Kaza robo mzunguko, jaribu, kaza tena. Kisha ndipo upime cheni: pingili 24 zikiwa mpya ni milimita 304.8. Zikifika 306.4 badilisha. Zikifika 308, meno ya nyuma nayo yamekwenda.

"Breki hazishiki kwenye mvua, kaza waya"

Kama rimu ni za chuma zilizopakwa kromu, kukaza hakutasaidia sana. Weka rimu za alumini.