Mkono wa Oili: Gia ya Otomatiki Inavyojibadilisha Yenyewe

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiwa imeuma kweli, mama mmoja mfanyabiashara wa parachichi kutoka Rungwe alileta Toyota IST yake kwenye karakana yetu ya mafunzo. Ukiweka D gari linakaa tuli. Unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo linashtuka na kuondoka.

"Mwanangu," akaniambia, "gereji nilikotoka wamesema gia boksi imekufa, ninunue nyingine. Nikaona nije nisikie na kwenu kabla sijauza mifuko yangu ya saruji."

Wanafunzi walikwishaanza kutafuta jeki. Nikawaambia waache jeki, walete kitambaa safi.

Nitamrudia mama huyo. Kwanza tuielewe oili, maana hapo ndipo wengi tunapokosea, hata sisi mafundi. Kwenye gia ya manyuo, oili kazi yake ni kulainisha na kupoza, basi. Kwenye otomatiki inafanya hayo na zaidi: ndiyo mguu wako wa kushoto uliokuwa unakanyaga klachi, ndiyo na mkono uliokuwa unasukuma gia. Oili ikipungua, mkono umepungua nguvu.

Darasani huwa naanza na mabomba mawili ya sindano, la mililita 5 na la mililita 20. Nayaunganisha kwa mpira wa dripu, najaza maji, natoa hewa yote. Mwanafunzi mmoja anasukuma lile dogo kwa kidole gumba, mwenzake anajaribu kulizuia lile kubwa. Wa kubwa anahisi anasukumwa kwa nguvu zaidi ya mara mbili ya ile iliyowekwa upande wa pili. Mfaransa Blaise Pascal alilieleza jambo hili katika karne ya 17: presha ya kimiminika kilichofungiwa inafika kila upande sawasawa, kwa hiyo penye uso mpana zaidi ndipo penye nguvu kubwa zaidi. Kisha naacha kiputo cha hewa ndani na kuwaambia warudie. Safari hii unasukuma, kiputo kinabonyea, upande wa pili hakuna kinachosogea. Kumbukeni kiputo hicho.

Ndani ya gia boksi kuna pakiti za klachi: pleti za chuma na pleti za msuguano zimepangwa kwa kupishana, na nyuma yake imekaa pistoni ya duara, mfano wa sahani yenye tundu katikati. Oili ikiingia nyuma ya pistoni, pleti zinabanwa na gia inashika. Tuseme uso wa pistoni ni sentimita za mraba 50 na presha ni kilo 10 kwa kila sentimita ya mraba. Hizo ni kilo 500 zinazobana pleti, sawa na magunia matano ya viazi vya Uporoto. Nasema magunia ya kilo 100 kwa mizani, si lumbesa.

Presha hiyo inatoka kwenye pampu iliyo mbele ya gia boksi. Pampu inazungushwa na shingo ya konveta, na konveta, kile chombo cha duara kinachopitisha nguvu ya injini kwa oili, imefungwa kwenye injini. Gari likiwa silensa, yaani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta, kwenye gia boksi nyingi utapima psi 60 hivi, mara mbili ya upepo wa tairi la gari dogo. Ukikanyaga mafuta inapanda, na kwenye R, ya kurudi nyuma, ambako mzigo wa klachi ni mkubwa, inaweza kupita psi 200. Kuna valvu yenye springi inayoilinda presha isizidi: oili iliyozidi inarudishwa kwenye sampo, bakuli la oili lililo chini ya gia boksi.

Sasa oili hiyo iende klachi ipi? Hapa ndipo ilipo kazi ya valvu bodi, bamba la aluminiamu lililochimbwa vijia vinavyopindapinda kama njia za mchwa. Aliyekulia kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali atalielewa haraka kuliko wengi. Maji yanatoka kwenye banio kwa mfereji mmoja mkubwa, halafu kila shamba lina mlango wake na zamu yake. Valvu bodi ni hivyo hivyo, isipokuwa huku mashamba mawili yasiyostahili yakipata maji kwa pamoja hayaishii kwenye ugomvi wa majirani. Gia mbili zinashikana na gari linajifunga.

Milango yenyewe ni vijiti vya chuma vyenye ukubwa wa kidole cha mwisho, vinene huku na vyembamba kule, kama vimefungwa mikanda. Kijiti kikiteleza upande mmoja, sehemu nene inaziba tundu na sehemu nyembamba inaruhusu oili ipite. Nafasi kati ya kijiti na nyumba yake ni ndogo kuliko unene wa unywele. Punje moja ya uchafu inatosha kukikwamisha. Ndiyo maana naomba kitambaa safi, na ndiyo maana nagomba nikiona mtu anafungua valvu bodi nje, upepo wa Uyole ukivuma vumbi. Humo humo kuna vigololi vinavyofunga na kufungua vijia. Bamba likiinuliwa bila uangalifu vinadondoka, na mwanafunzi anatambaa chini ya benchi akitafuta kigololi cha mwisho. Asipokipata, gari halitakuwa lile lililoingia.

Nani anasukuma vijiti? Zamani ilikuwa ni oili yenyewe. General Motors walipoanza kutoa Hydra-Matic mwaka 1939, kwa ajili ya Oldsmobile za mwaka 1940, hakukuwa na kompyuta. Upande mmoja wa kijiti ulisukumwa na presha iliyotoka kwa gavana, kifaa kinachozunguka kwa kufuata mwendo wa gari, inayoongezeka kadiri gari linavyokimbia. Upande wa pili ulisukumwa na presha iliyofuata mguu wako kwenye mafuta. Mwendo ukishinda, gia inapanda. Mguu ukishinda, gia inabaki chini. Binafsi naiona kuwa ni akili ya ajabu, na bado naifundisha, kwa sababu kompyuta ya leo inapima mambo yale yale mawili: mwendo na mguu. Tofauti ni kwamba sasa uamuzi unapita kwenye waya hadi kwenye solenoidi, kivalvu cha umeme kinachofungulia oili ikasukume kijiti. Na ili gia isiingie kwa kishindo, pembeni kuna kipistoni chenye springi kinachopokea sehemu ya oili inapofika, kama mtu anayepokea gunia kwa kukunja magoti kidogo.

Ukishajua kwamba pampu inafuata injini, mengine unayajua bila kufundishwa. Otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa: injini imelala, pampu imelala, hakuna presha ya kubana klachi. Vilevile, likiharibika njiani, usilivute matairi yanayoendesha yakiwa chini. Vyuma vitazunguka bila oili mpaka viungue. IST ya kawaida inaendeshwa na matairi ya mbele, basi yainuliwe ya mbele.

Wale wanaoteremka mlima Kitonga wakiwa kwenye N, yaani gia imeachiwa, ili kubana mafuta, hebu tuongee. Ukiweka N, injini haikusaidii tena kushika gari, na breki zinabeba mlima peke yake mpaka zichemke. Pampu nayo inazunguka kwa mwendo wa silensa huku vyuma vya upande wa matairi vikienda kasi. Anayezima injini kabisa amejinyima hata msaada wa breki na usukani. Hata D yenyewe haitoshi kwenye mteremko mkali. Gia boksi nyingi, katika gia za chini, zina klachi ya njia moja, kama ya baiskeli unapoacha kukanyaga: matairi yanakwenda, pedeli zimetulia. Ukishusha kwenye 2 au L, oili inafungua njia ya klachi nyingine inayozuia hilo, na injini inalishika gari. Kwenye gari lenye kitufe cha O/D, anza kwa kukibonyeza ili gia ya juu isitumike.

Kuhusu baridi: oili nzito inachelewa kupita kwenye vijia vile. Juni na Julai, magari mengi yananguruma kwa muda bila kupanda gia ya mwisho, kwa sababu kompyuta inasubiri injini ipate moto. Hilo si ugonjwa.

Kwa hiyo tuliacha IST ya mama ipate moto sawasawa, mahali tambarare, injini ikinguruma. Tukapitisha gia kwenye nafasi zote kisha tukarudi P, ndipo tukachomoa stiki ya kupimia oili, tukaifuta, tukaichomeka na kuichomoa tena. Kwenye gari kama hili, ukipima injini ikiwa imezimwa, stiki inakudanganya, maana pampu ikisimama oili inajikusanya kwenye sampo. Stiki ilitoka kavu chini ya alama zote. Mpira unaopeleka oili kupozwa kwenye rejeta ulikuwa umechanika karibu na klemu, na oili nyekundu ilikuwa imetapakaa juu ya kinga ya chini, pasipoonekana. Pampu ilikuwa inavuta oili na hewa kwa pamoja. Kile kiputo.

Tulibadilisha mpira na kuongeza lita moja na nusu ya oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kidogo kidogo, tukipima kila mara. Oili ikizidi, vyuma vinaipiga mpaka itoke povu, na povu ni hewa ile ile. Tulipoweka D, IST ilishika kabla mwanafunzi hajatamka "moja". Mama akauliza kama ule mpira wa zamani anaweza kuondoka nao. Alikuwa na mtu wa kumwonyesha.