Kunoa Visu vya Porini kwa Mashine Nyumbani: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mjomba wangu, ambaye amechunga ng'ombe upande wa Monduli tangu ujana wake, ana kisu cha kuchunia kilichofuliwa na mhunzi kutokana na tupa kuukuu. Kwa miaka mingi alikinoa kwa jiwe la mto na maji kidogo. Siku moja nilimwomba anipe nikakinoe upesi mjini, nikakipeleka kwenye karakana ya kuchomelea mageti, na kijana wa pale akakipitisha kwenye grainda kwa muda usiozidi dakika mbili. Kilirudi kikimeremeta na kunyoa malaika ya mkono bila taabu. Ila karibu na ncha, kwa urefu wa kidole gumba hivi, palikuwa na doa la buluu lenye zambarau pembezoni, mithili ya mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Mjomba alipitisha ukucha pale, akaniambia kwa upole kwamba pamekufa. Tulipochinja mbuzi mmoja tu, sehemu ile ilikuwa imejikunja, na sehemu iliyobaki ilikuwa bado inakata.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu wengi wanaotaka kununua mashine ya kunolea visu vya kambini, vya uwindaji au vya shamba huanzia pale nilipoanzia mimi, yaani kwenye imani kwamba mashine kali huzaa makali.

Dhana: "Kadiri mashine inavyokwenda kasi na kuwa na wati nyingi, ndivyo inavyonoa vizuri."

Ili kuelewa kwa nini jambo hili si kweli, ni lazima kujua kisu hupataje ugumu wake. Chuma cha kisu huchomwa hadi kiwe chekundu, kikazamishwa ghafla katika mafuta au maji, na hapo huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kioo. Kisha hupashwa upya kwa joto la wastani ili kipunguze uvunjikaji huo, na kwa vyuma vingi vya kaboni vinavyotumika kwa visu joto hilo huwa karibu na nyuzi 200 za Selsiasi. Joto lolote linalozidi hapo baadaye, hata likidumu kwa sekunde chache, huendeleza kazi hiyo ya kulainisha. Rangi zinazojitokeza juu ya chuma kilichosafishwa ni kipimajoto cha bure: manjano hafifu hutokea kwenye nyuzi 220 hivi, hudhurungi kwenye 255, zambarau kwenye 280, na buluu inapokaribia 300. Aonaye buluu, basi, amekwisha kuvuka mpaka. Na hapo amepima ubavu tu, kwa maana ukingo wenyewe ni mwembamba kuliko karatasi, hauna pa kulipeleka joto, na huenda umeungua kabla rangi haijaonekana popote.

Sasa tutazame kasi. Grainda ya mkono yenye diski ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, maana yake ni kwamba ukingo wa diski hukipita chuma kwa mwendo wa mita 66 kwa sekunde. Grainda ya mezani yenye jiwe la milimita 150 huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika, sawa na mita 22 kwa sekunde. Mashine ya jiwe la maji, kama ile Tormek T-8 ya Uswidi, ina jiwe la milimita 250 linalozunguka mara 90 tu kwa dakika, yaani mita moja na kidogo kwa sekunde, huku sehemu ya chini ya jiwe ikiwa imezama katika beseni la maji. Mota yake ni ya wati 200, na hizo zinatosha. Fundi wa baiskeli anayepita mitaani akikanyaga pedali ana kinga ya aina yake pia, kwa sababu akikandamiza kisu kupita kiasi, cherehe yake hupungua kasi na miguu humwambia aache. Mota ya grainda haimwambii mtu kitu.

Kwa nini basi dhana hii haifi? Nadhani ni kwa sababu ya panga. Panga la kiwandani hupashwa kwa joto kubwa zaidi makusudi ili liwe jepesi kupinda na gumu kuvunjika, hivyo tangu mwanzo ni chuma laini kiasi kwamba tupa ya kawaida hukikata. Ukilipitisha kwenye grainda, hasara huwa ndogo, na aliyelinoa huondoka akiamini kwamba visu vyote vitastahimili hivyohivyo. Kisu cha tupa kuukuu, au kisu cha uwindaji kilichotengenezwa ili kishike makali kwa muda mrefu, hakina msamaha huo. Ndiyo maana swali la kwanza dukani halipaswi kuwa juu ya mashine. Jiulize kwanza una visu gani, kwa sababu mwenye mapanga peke yake hana haja ya mashine hata moja: tupa bapa ya inchi 8 na kipande cha jiwe vinamtosha.

Dhana: "Rangi ya buluu haina neno, kichovye kwenye maji kitarudi."

Maji huzuia joto lisipande. Hayarudishi ugumu uliokwisha kupotea. Anayenoa kwenye mashine kavu anapaswa kuchovya kisu kila baada ya mpito mmoja au miwili, kabla hakijamchoma kidole kilichowekwa karibu na makali. Kidole kitupu, kwa hakika, ni kipimo bora kuliko jicho. Buluu ikishatokea, dawa ni kusaga polepole hadi sehemu iliyolainika iishe, au kumrudishia mhunzi akichome na kukizamisha upya.

Lipo pia jambo la vyuma visivyoshika kutu. Wapo wanaosema kwamba visu hivyo havinoleki, na wapo wanaosema kwamba haviungui. Kauli zote mbili si sahihi. Kromiamu iliyomo ndani yake hupunguza uwezo wa chuma kusafirisha joto, kwa hiyo joto hukaa palepale penye makali na kisu huungua upesi kuliko cha kaboni. Ugumu wa kuvinoa unatokana zaidi na aina ya jiwe. Baadhi ya vyuma vya kisasa, kama vile S30V, vina chembe za kabidi ya vanadiamu ambazo ni ngumu kuliko mawe ya kawaida ya oksidi ya alumini. Jiwe la namna hiyo humung'unya chuma kinachozizunguka chembe hizo bila kuzikata zenyewe, na mnoaji hushangaa kwa nini anatumia saa nzima bila kupata makali safi. Visu vya aina hii vinahitaji almasi. Almasi nayo itumike kwenye mashine ya mwendo wa pole, kwani katika joto kali kaboni yake hunyonywa na chuma na uso wa jiwe huisha haraka.

Dhana: "Mashine ya kuchomeka kisu na kuvuta haihitaji ujuzi, hivyo inamfaa kila mtu."

Kwa visu vya jikoni, mashine hizi zenye mianya huwa na msaada, na sina sababu ya kuzibeza. Tatizo ni kwamba mianya yake imefungwa kwenye pembe moja, mara nyingi nyuzi 15 au 20 kila upande, ilhali kisu cha kukatia kuni na kuchonga vigingi vya hema huhitaji nyuzi 20 hadi 25 ili ukingo usimeguke. Kisu cha mtindo wa Skandinavia, kama vile vinavyotengenezwa Mora huko Uswidi, kina mteremko mmoja mpana ulionyooka, yaani ubavu uliosagwa hadi kwenye makali, ambao hulala wote juu ya jiwe na kujipimia pembe wenyewe. Ukikichomeka kwenye mwanya, mashine hukichongea mteremko wa pili mdogo juu ya ule wa kwanza, na ile sifa ya kuchonga mti kwa utulivu hupotea. Sime yenye makali pande zote mbili haikai vizuri humo. Tena magurudumu ya ndani hayafiki mwisho wa makali karibu na mpini, hivyo baada ya mwaka mmoja wa kunoa huonekana kijishimo ambacho hukiharibu kisu kila kinapolazwa juu ya jiwe bapa.

Mashine ya mkanda wa msasa ni jambo jingine. Kwa kuwa mkanda hubonyea kidogo kisu kinapouegemea, huacha makali yenye mbinuko kama tumbo la samaki, na makali hayo yana nyama nyuma yake, hivyo hustahimili kupiga kuliko yale yaliyonyooka. Kwa shoka, sime na kisu kizito cha kambini, mimi ningeichagua hii kabla ya nyingine zote, mradi iwe na kidhibiti mwendo na mikanda yake ipatikane unakoishi. Mashine isiyo na mikanda ni pambo la rafu.

Dhana: "Namba 1,000 ni 1,000, iwe ya msasa au ya jiwe."

Mizani ni tofauti. Msasa ulioandikwa P1000 kwa kipimo cha Ulaya una chembe za maikroni 18 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati jiwe la maji la namba 1,000 kwa kipimo cha Japani lina chembe za kati ya maikroni 11 na 16. Tofauti hii haimzuii mtu kunoa, lakini humfanya ashangae mikwaruzo inapozidi baada ya kuhamia kwenye "namba ileile". Kubwa kuliko namba ni ule uzi mwembamba wa chuma unaojikunja upande wa pili wa makali unaponoa. Usipoutafuta kwa ncha ya kidole, ukielekeza kidole kutoka mgongoni kwenda nje, hujui kama umefika. Na usipouondoa kwa gurudumu la ngozi lililopakwa dawa ya kung'arishia, kisu kitanyoa leo na kesho kitakuwa butu.

Dhana ya mwisho inawahusu hasa wenye ndugu ughaibuni, nao ni wengi: kwamba mashine iliyotoka Marekani inahitaji kubadilishiwa plagi tu. Umeme wa huko ni volti 120 na hezi 60, yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde. Wetu ni volti 230 au 240 na hezi 50. Kuichomeka moja kwa moja ni kuiunguza. Hata ukiipatia transfoma, mota isiyo na brashi iliyoundwa kwa hezi 60 itazunguka polepole kwa takriban sehemu moja ya sita na huenda ikapata joto zaidi, kwa maana transfoma hushusha volti lakini haigusi hezi. Soma kibandiko kabla ndugu hajalipia usafiri.

Kuhusu usalama nitasema machache. Miwani ivaliwe. Kwenye mkanda na gurudumu la ngozi, makali yaelekee kule mzunguko unakokimbilia, la sivyo yatajichimba humo na kisu kitarushwa. Glovu za kitambaa, mikono mirefu ya kanzu na mitandio vikae mbali, kwani gurudumu likishika uzi mmoja huvuta na mkono.

Kile kisu cha mjomba tulikisaga upya kwenye jiwe la maji la kuazima, kwa jioni tatu, hadi buluu yote ikaisha. Kimepungua upana wa milimita nne hivi karibu na ncha, na ala yake ya zamani sasa inakipwaya.