Je, wajua ni kwa nini ndege huyu wa Peru hulindwa na wenye ardhi?

Ndege wavumaji (kwa Kiingereza hummingbirds) hawapatikani Afrika. Wote ni wa mabara ya Amerika, na kwetu anayewakaribia kwa umbo na kwa kupenda maji matamu ya maua ni chozi, ingawa nasaba zao ni mbalimbali. Mmoja wa wavumaji hao, Loddigesia mirabilis, huishi kaskazini mwa Peru peke yake, hasa katika bonde la mto Utcubamba, na amewahi kuwekwa katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka.

Mkia wake una manyoya manne tu. Ya dume, mawili ya nje ni marefu kuliko kiwiliwili chenyewe, hupishana, na kila moja huishia kwa duara la samawati iliyokolea, mfano wa kichwa cha mwiko. Anapomtongoza jike huyachezesha huku akielea hewani mbele yake, kazi inayomchosha upesi. Uzuri huo haukumwokoa, kwa maana madume yalipigwa kwa manati na watu walioamini kwamba moyo wake uliokaushwa huongeza nguvu za kiume. Hata hivyo, adui mkubwa zaidi alikuwa shoka, misitu ilipofyekwa kupisha mashamba na malisho.

Sasa, kwa nini alindwe na wenye ardhi? Kwa sababu ndege huyu si wa msitu mnene. Hupenda kingo za msitu, vichaka vya miiba na miti inayochipua upya, yaani mahali palepale ambapo mkulima hufika na panga lake. Kwa maoni yangu, hifadhi iliyotengwa mbali milimani isingemfaa sana. Mwaka 2006 shirika la ECOAN la Peru na lile la American Bird Conservancy la Marekani yalishirikiana na jumuiya ya Pomacochas kuhifadhi takriban hekta 40 huko Huembo, kwa makubaliano kwamba ardhi ibaki mali ya jumuiya, lakini itunzwe kwa ajili ya ndege. Tangu hapo imepandwa miche zaidi ya 30,000 ya miti ya asili, na vyombo vya maji ya sukari vimetundikwa karibu na njia ili wageni wanaolipa kiingilio wamwone dume kwa karibu.

Hekta 40 ni chache mno, bila shaka. Nje ya mipaka yake makubaliano hayo hayamfungi mtu, na mwenye kutaka malisho anaweza bado kufyeka.